Ncha ya Pili ya Kamba

Jumatatu, 2 Machi

Leo Bwana Polepole ameniruhusu kukimbia.

Jina lake si hilo. Ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini, lakini tangu waliponivua plasta mwezi wa kwanza sijamsikia akimaliza sentensi bila neno "polepole", kwa hiyo mimi na Dada tukambatiza. Alinikandakanda kifundo, akanisimamisha kwa mguu mmoja kama korongo, akasema, "Haya, binti. Dakika tano unakimbia, dakika tano unatembea. Polepole."

Nikamuuliza kama mwisho wa Mei nitaweza kukimbia marathoni. Niliuliza kwa sauti ndogo mno hata ikabidi nirudie. Akavua miwani, akaifuta.

"Mei ya mwaka huu?"

Nikasema ndiyo.

"Mfupa umeunga," akasema. "Lakini mguu si mfupa peke yake."

Dada alikuwa ananisubiri nje kwenye benchi, fimbo yake nyeupe ameikunja mapajani. Alinijua kwa hatua zangu kabla sijafungua mdomo. "Amekukubalia," akasema, akanyoosha mkono, nikaushika, tukacheka kama wajinga mbele ya wagonjwa.

Nimeamua kuandika mpaka siku ya mbio. Nikisema kwa mdomo naona haya. Nikiandika hakuna anayenitazama.

Jumatano, 4 Machi

Dakika tano, dakika tano. Mvua ya kwanza imenyesha. Nimefurahi.

Jumapili, 8 Machi

Niandike jinsi ilivyoanza, maana mambo ya nyumbani ndiyo husahaulika upesi.

Dada alipoteza macho akiwa na miaka kumi na minane, mimi nikiwa na kumi na mmoja. Hayakuzimika siku moja. Yalififia mwezi hadi mwezi, na yalipozimika kabisa akajifungia ndani mwaka mzima. Hakutaka fimbo, hakutaka wageni, hakutaka hata dirisha lifunguliwe. Mama alikwenda asubuhi kwenye duka la dobi anakopiga pasi, akirudi jioni anamkuta pale pale alipomwacha. Siku moja nilichukua mkanda wa gauni la Mama, nikafunga ncha moja kwenye mkono wangu na nyingine kwenye mkono wake, nikamwambia twende dukani tukanunue sabuni. Sijui kwa nini alikubali. Tukawa tunakwenda kila siku, nyumba ikajaa sabuni. Halafu siku moja mvua ikatukuta njiani, tukakimbia.

Sasa tuna kamba ya kushonwa, yenye kitanzi huku na kitanzi huku. Mwongozaji ana sheria zake. Havuti wala hasukumi. Anasema tu: tuta, shimo kushoto, kona ya kulia. Anayesema ni mmoja, kwa sababu sauti mbili humchanganya mkimbiaji. Na kwenye mstari wa mwisho mwongozaji hamtangulii mwenzake hata kwa pua.

Watu hawaamini kwamba mimi ndiye ninayesema. Shuleni niliulizwa maswali ninayoyajua na koo likakauka kwa aibu. Lakini nikishika ile kamba, sauti hutoka hadi wenye pikipiki wanapisha njia. Dada yangu amenipa ulimi. Sina namna nyingine ya kuieleza.

Siku ya mwisho ya mitihani, Novemba, wenzangu walitoka ukumbini kama maji ya bomba lililopasuka, nikasukumwa kwenye ngazi. "Mitihani imekwisha na mguu umekwisha," alisema Mama. Tangu siku hiyo kamba anayo Redio.

Jumanne, 10 Machi

Redio ni msusi. Saluni yake inatazamana na duka la dobi la Mama. Kocha wetu wa mbio alimtafuta nilipovunjika, kwa kuwa ana mbio na asubuhi hana wateja. Anaitwa Redio kwa sababu hazimwi. Anaongea akisuka, anaongea akila, na nasikia anaongea kilomita ishirini nzima.

Leo alikuja kumchukua Dada. "Shikamoo, Bi Kimya!" akaniambia, na amenizidi miaka mitano. "Mguu haujambo? Uwahi kupona bwana, dada yako ananitesa. Anakimbia kama ameiba kuku."

Dada akacheka. Mimi sikucheka.

Kocha amepanga hivi: katikati ya wiki Dada anakimbia na Redio, Jumapili anakimbia na mimi. Tarehe kumi Mei ni mbio ndefu ya mazoezi, kilomita thelathini na mbili, na baada ya hapo Kocha ataandikisha mwongozaji mmoja. Nilijikaza nikamuuliza ni nani.

"Atakayeifikisha kamba mwisho," akajibu.

Jumapili, 22 Machi

Leo nimeishika kamba. Mwendo mfupi tu, hadi kiwanda cha matofali na kurudi. Dada aliizungusha mara mbili kiganjani kama kawaida yake, akasema, "Haya, nahodha." Sauti yangu ikatoka yenyewe. Tuta. Mchanga. Gari limeegeshwa, njoo kwangu. Kwenye kona ya soko nilimfokea mtu mzima aliyekuwa anarudisha mkokoteni nyuma bila kutazama. Mimi! Akaomba radhi.

Kifundo kiliuma kidogo baada ya kuoga. Kidogo tu.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua. Viatu nimevianika karibu na jiko, kimoja kimeungua ulimi.

Jumapili, 5 Aprili

Tulikuwa tunapita chini ya ghorofa la manjano, karibu na kituo cha mafuta. Dada akainua uso.

"Yule bata leo amevaa nini?"

"Bata gani?"

"Wa ghorofa ya tatu. Anayevalishwa kofia akitolewa kuota jua."

Nikatazama juu. Kulikuwa na ndoo na mashuka. "Hakuna bata, Dada."

"Labda wamemwingiza ndani, mvua hii."

"Hakuna bata kabisa. Redio anakudanganya."

Hakusema kitu mpaka darajani. Nilidhani amemkasirikia Redio, na, nisijifanye malaika, nilifurahi.

Jumanne, 7 Aprili

Nimekwenda saluni. Nimekaa nje kwanza, nikijifanya nasoma bei zilizobandikwa dirishani, mpaka Redio mwenyewe akaniita. Alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa. Nikamwambia asimdanganye dada yangu.

"Eti namdanganya!" akasema, vidole havikusimama. "Bi Kimya, wewe unamwambia mashimo. Vizuri, asivunjike. Lakini mtu akimbie saa tatu gizani, anaambiwa shimo, tuta, shimo, tuta? Hata mimi ningelala njiani."

"Anakuamini."

"Aniamini mimi? Siku ya kwanza tu aliniuliza bata ana miguu mingapi. Nikamwambia mitatu. Akasema, basi ndiyo maana hashuki ngazi."

Mteja alicheka hadi akavutwa nywele.

Kwa hiyo Dada alijua. Ulikuwa mchezo wao, na mimi nikaingia na viatu vyenye matope katikati yake. Nilipofika nyumbani nilitaka kumwomba radhi nikashindwa pa kuanzia. Nikampigia pasi blauzi yake ya kazini. Anapokea simu kwenye ofisi za maji, na husema wanaolalamika huhisi hata kwenye waya kama mtu amevaa nguo iliyokunjamana.

Jumatano, 15 Aprili

Leo nimemwona dada yangu akikimbia.

Naiandika hivyo kwa kuwa ni kweli: sijawahi kumwona. Miaka yote nimekuwa ubavuni mwake, na ukiwa kwenye kamba unaitazama barabara, humtazami mwenzako. Unamjua kwa pumzi na kwa kiwiko. Leo nilikuwa namsaidia Mama kukunja mashuka ya hoteli, asubuhi, dirisha la dobi limejaa mvuke. Nikalifuta kwa kiganja. Wakatokea kwa mbali, Dada na Redio, upande wa pili wa barabara.

Ana mabega yaliyolala. Magoti yake yanapanda bila haraka, na mguu ukigusa chini haukai, kama mtu anayeonja maji ya moto. Alikuwa nusu hatua mbele ya Redio, inavyotakiwa, na Redio alikuwa anaongea na kuhema, na uso wa Dada ulikuwa wazi kabisa, mdomo wazi, anacheka. Walipita kabla sijamaliza pumzi moja. Halafu dirisha likafungwa na ukungu tena.

Mwendo ule hajawahi kwenda na mimi. Hata kabla sijavunjika.

"Umeona nini?" akauliza Mama.

"Dada amepita."

Mama akaitua pasi kwenye kigae chake. Alinitazama, kisha akaendelea na foronya. "Mwanangu," akasema, "shuka lina ncha nne na sisi tuko wawili. Shika vizuri hizo mbili zako."

Jumapili, 19 Aprili

Kilomita ishirini. Sasa kwa kuwa nimeona, nasikia. Dada hahemi akiwa na mimi. Amekuwa akiimba, na mimi nilidhani anaimba kwa furaha. Anaimba kwa sababu ana pumzi za kubaki.

Nikaongeza mwendo. Akaniuliza, "Kuna mbwa?"

"Hakuna."

"Basi tunakimbilia wapi?" Akarudi kwenye mwendo ule ule wa pole. Mwongozaji havuti. Nikarudi naye.

Jumatatu, 20 Aprili

Kifundo kimevimba. Nimekilaza ndani ya beseni la maji baridi nikiwa nimefunga mlango.

Ijumaa, 24 Aprili

Mama ameona taulo lenye maji chini ya kitanda. Mtu anayepiga pasi miaka ishirini huwezi kumficha nguo mbichi. Alinikalisha, akaukamata mguu kwa mikono yake yenye joto la siku nzima.

"Mfupa si shati," akasema. "Haunyooshwi kwa kubanwa."

"Mama, zimebaki wiki mbili tu mbio ndefu. Tafadhali usimwambie Dada."

"Kwani nikinyamaza utapona?"

"Mama, bila kamba mimi ni nani?"

Sikukusudia kusema hivyo. Limenitoka tu. Mama aliufunga mguu kwa kitambaa, akakaza, akapiga fundo moja safi, akaenda kupika. Usiku mzima wa mvua sikumsikia akikohoa wala kugeuka, nadhani hakulala.

Jumapili, 3 Mei

Ishirini na tano. Nimemaliza. Nimetabasamu njia nzima ingawa hakuna aliyenitaka nitabasamu, halafu nikatapika nyuma ya nyumba.

Jumamosi, 9 Mei

Kesho.

Jumapili, 10 Mei

Tuliondoka alfajiri, mvua nyembamba, ile isiyolowesha mtu mpaka amesahau. Kocha alikwenda kutusubiri uwanjani, mwisho wa njia. Redio alitufuata kwa baiskeli, chupa za maji kapuni, akilalamika kwamba tandiko limetengenezwa na mtu asiyekuwa na makalio.

Nusu ya kwanza ilikuwa nzuri, na nataka iandikwe kuwa ilikuwa nzuri. Nilifanya hata jambo ambalo sijawahi. Pale kwenye ukuta mrefu wa bohari, mahali pasipo na chochote, nikamwambia Dada, "Kushoto kuna mzee anamsomea mbuzi gazeti." Uongo wangu wa kwanza barabarani. Baada ya hatua tatu au nne akauliza, "Ukurasa gani?" Nikakwama. Nikasema, "Tuta." Akanibana kiwiko kwa upole. Redio angejibu.

Baada ya daraja la pili mguu ukaanza. Si maumivu ya kuvimba. Haya yalikuwa kama msumari, kila nikikanyaga. Nikasema moyoni, mpaka mti ule. Halafu mpaka nguzo ile. Nikawa nautazama mguu wangu unavyotua, kana kwamba nikiutazama sana utaona haya uache.

Sikuliona tuta la pembeni pale barabara inapobanwa na mtaro. Dada alilikanyaga kwa ncha ya kiatu. Kamba ikanikata kiganja, kisha akawa chini, magoti na mikono.

Nilipiga magoti kando yake. Viganja vyake vilikuwa vinatoka damu iliyochanganyika na mvua.

"Ilikuwa nini?" akauliza.

"Ukingo."

"Hukusema."

Hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali awe mkali.

"Nilikuwa nautazama mguu wangu."

"Najua. Tangu darajani sauti yako ilikuwa inaangukia chini." Akakaa kitako kwenye maji. "Unauma tangu lini?"

"Leo."

"Mdogo wangu."

"Tangu Aprili."

"Tangu Machi," akasema. "Mguu wako wa kulia unachelewa kutua. Niliusikia siku ile ya kiwanda cha matofali."

"Ndiyo maana ulikuwa unaenda pole."

"Na ndiyo maana wewe ulikuwa hutaki kusimama."

Basi tulikuwa hivyo wiki zote hizo. Mimi nameza maumivu nisimpunguzie mwendo, yeye anapunguza mwendo nisimeze maumivu, na kila mmoja alijiona ndiye mjanja anayemficha mwenzake.

Redio alikuwa ameshatufikia, ameitupa baiskeli. "Jamani, jamani, nani kaujenga ukingo huu, ana mama kweli huyu? Lete mikono. Goti je? Goti zima. Bi Kimya, umekuwa mweupe kama chaki." Akawa anamwagia Dada maji ya kunywa viganjani, mdomo hausimami. Mimi nikakivua kitanzi mkononi. Kilikuwa kimebana kwa kulowa. Nikakivuta kwa meno.

"Redio. Shika."

Kwanza hakuelewa. Dada alielewa kabla yake.

"Usimpe," akasema.

"Umebaki mwendo mdogo, Dada."

"Basi tutautembea."

"Kocha alisema—"

"Kocha aende zake huko! Nilisema nakimbia na wewe. Nilikuambia lini kwamba nataka kukimbia haraka?"

Alikuwa amesimama katikati ya barabara, uso ameuelekeza pale nilipokuwa nimepiga magoti, si niliposimama sasa. Nilimwona dada yangu wa ule mwaka wa dirisha lililofungwa. Nikajua kwamba nikikubali tutembee, tutatembea. Leo, na Mei thelathini na moja, na mwaka ujao, na atasema ameridhika, na ataimba.

Nikamkabidhi Redio kitanzi. Redio akakishika bila kunitazama. Halafu nikasema kwa ile sauti, ile ya barabarani, niliyo nayo moja tu:

"Moja kwa moja. Matuta mawili, halafu mteremko. Nenda."

Miaka yote Dada ameitii sauti hiyo bila kuuliza, kwa sababu kuuliza ni kuanguka. Miguu yake ikatii kabla yeye hajakubali. Aliondoka. Hatua chache mbele nikaona kichwa chake kinageuka nyuma, kinanitafuta kwa sikio, na Redio akisema, "Tuta hili hapa, ruka," na wakaruka.

Sikuweza kuipanda baiskeli. Niliiegemea nikaikokota hadi nyumbani, kwa muda wa saa mbili na zaidi. Njiani nilimpita mtu aliyekuwa anazibua mtaro kwa fimbo. Nikasema kwa sauti, "Shimo kulia." Akanitazama, nami nikaendelea.

Jumatatu, 11 Mei

Dada hajaniambia neno. Asubuhi alisema "samahani" aliponigusa mlangoni, kama mtu anayesema na mgeni.

Jumatano, 13 Mei

Bwana Polepole ameiinua picha kwenye mwanga. Pale palipounga pamepata ufa. Miezi mitatu bila kukimbia, na mkongojo.

"Na baada ya hapo?"

"Utatembea vizuri. Utakimbia kidogo, kwa afya." Alikuwa anaandika. "Mbio ndefu usiziweke moyoni, binti."

Nilisubiri aseme polepole. Hakusema.

Ijumaa, 15 Mei

Kocha ameandikisha jina la Redio. Alikuja mwenyewe kunieleza, akakaa dakika mbili ukingoni mwa kiti, kofia mikononi. Nikamwambia ni sawa. Niliposema sawa nikagundua nimesema kwa sauti ya kawaida, wala sikuona haya. Nilikuwa sina cha kuonea haya tena.

Jumapili, 17 Mei

Jumapili ya kwanza bila kamba. Nimekunja mashuka ya watu.

Jumanne, 19 Mei

Leo Dada ameongea. Nilikuwa naosha vyombo kwa mguu mmoja. Alikuja akaegemea ukuta.

"Uliniacha barabarani," akasema.

"Nilikupa mtu."

"Sikuomba mtu. Umewahi kuniuliza ninataka nini?"

"Na wewe uliniuliza?" Bakuli liliniponyoka, halikuvunjika. "Ulisikia tangu Machi. Ungeniambia nisimame, ningesimama. Ulinisikia naumia ukanyamaza, kwa kunihurumia. Wewe uliyechukia kuhurumiwa hadi ukafunga dirisha."

Mvua ilikuwa imekoma siku mbili hizi, na kimya bila mvua ni kizito zaidi.

"Niliogopa," akasema mwisho. "Nikikuambia usimame, ingekuwa imekwisha. Mimi na wewe."

"Na mimi niliogopa hilo hilo."

Akachukua kitambaa, akaanza kukausha vyombo. Alivikausha vyote, hata vilivyokuwa vikavu. Hatukukumbatiana. Sisi si watu wa kukumbatiana.

Alhamisi, 28 Mei

Redio ameniomba nimweleze zile kilomita za mwisho, maana mimi ndiye niliyezitembelea na Kocha mwaka jana. Tumekaa saluni baada ya kufunga. Nimemwonyesha kwenye sakafu, kwa vipande vya nywele: hapa mteremko unadanganya, hapa reli ya zamani, mwambie anyanyue magoti. Alisikiliza vizuri. Huyu msichana nilimchukulia kuwa ni kelele tupu. Alirudia kila kitu kwa mpangilio, kisha akasema, "Nikikosea atanisamehe. Lakini wewe hutanisamehe, na ndiwe ninayekuogopa."

Jioni Dada aliniita kitandani kwake.

"Jumapili usije."

Nilihisi kama nimepigwa kofi.

"Si kwa ubaya. Nikisikia upo njiani, nitasimama. Najijua. Hata kikohozi chako nakijua. Kaa nyumbani na Mama, nitarudi nikusimulie. Niahidi."

Nikaahidi.

Jumapili, 31 Mei

Nilimdanganya Mama kwamba nakwenda hospitalini kufungwa bandeji upya. Leo ni Jumapili, na Mama si mtoto, alinipa tu mwavuli wa kujikinga na jua akasema, "Kasimame kivulini."

Nilichagua mahali kilomita saba kabla ya mwisho, mbele ya duka la rangi lililofungwa. Niliuegemeza mkongojo ukutani usije ukagonga lami. Watu walipiga makofi, walipuliza filimbi, waliita majina. Jua kali, barabara kavu, baada ya mvua ya miezi yote hii.

Walikuja wakati kundi kubwa limeshapita. Nilimtambua kwa magoti. Alikuwa amechoka, safari hii kweli: midomo imekauka, shingo imekaza, lakini mguu wake ulikuwa bado haukai chini. Anahema. Hakuwa na pumzi hata moja ya kuimbia. Redio alikuwa anaendelea, sauti imekwaruza, "—halafu yule bwana harusi akasema, kama gauni limeungua basi tuoane kwa mashuka—" na Dada alikuwa anacheka na kuhema kwa wakati mmoja.

Redio akaniona.

Akanyamaza.

Walikuwa hatua chache kutoka kwangu, kisha walikuwa mbele yangu kabisa, kiwiko cha Dada kingeweza kunigusa. Upepo wake ulinigusa. Nilikuwa nimefumba mdomo kwa kiganja. Maisha yangu yote nimenyamaza kwa sababu sikuweza kusema. Leo sauti ilikuwepo, imejaa hadi kwenye meno, na nikaizuia. Nilihesabu miguu yake tu, ikitua, ikitua, mpaka sikuisikia tena katikati ya makofi ya watu. Ndipo Redio akaanza upya, kwa mbali, "Kona ya kushoto hiyo!"

Niliwahi nyumbani kwa gari la jirani. Nilikuwa nimeshakaa na beseni la maji ya chumvi walipomleta. Saa tatu na dakika hamsini na nne. Alitaka chini ya saa nne, amepata. Mama alimpigia vigelegele peke yake hadi majirani wakatoka. Redio alilala sakafuni, akisema azikwe hapo hapo na asisukwe.

Walipoondoka nikamtia Dada miguu ndani ya maji. Ukucha mmoja umekuwa mweusi. Alinisimulia kama alivyoahidi: watu walivyosukumana mwanzoni, daraja lilivyovuma chini ya miguu mingi, reli ya zamani, alivyonyanyua magoti. Nilikuwa nasema "ehe", "ehe", nikimsugua visigino.

"Kuna mahali pamoja," akasema. "Baada ya mteremko. Redio alinyamaza. Unajua tangu Desemba hajawahi kunyamaza? Hata akimeza maji anaguna. Pale akanyamaza kabisa, kama mtu anayepita mbele ya msiba. Nilimuuliza baadaye, akasema alikauka koo." Alikuwa ameinamisha kichwa upande wangu. "Wewe unaijua njia ile. Pana nini pale?"

Maji yalikuwa yamepoa. Nikaongeza ya moto kwa kikombe, taratibu, yasimchome.

"Hakuna kitu, Dada," nikasema. "Pana duka la rangi, limefungwa. Barabara imenyooka."

Mkono wake ukashuka majini, ukautafuta mkono wangu, ukaupata, ukaushika pale kwenye kifundo, kinapokaa kitanzi, ukabaki umeushika.

"Haya," akasema. "Imenyooka."